Springi za Kutoka Nairobi

Momanyi ndiye aliyeiinua pikapu yake, miaka mitatu kabla ya mambo haya, na wakati huo hakuna aliyemlaumu. Kazi yake ilikuwa kununua ndizi mashambani huko Nyamira na kuzileta soko la Mosocho, na njia za mashambani zilijaa mawe na mitaro. Akaongeza mabapa mawili ya chuma kwenye springi za nyuma, akakaza nondo zinazobeba gari upande wa mbele, akatia magurudumu makubwa. Tangu hapo hakukwama tena, hata akiwa amepakia mikungu hadi juu.

Kisha mama yake, Bathsheba, akateleza akichuma mboga za chinsaga nyuma ya jikoni, akaumia nyonga. Alitibiwa, akarudi nyumbani, akaanza kutembea kwa mkongojo. Lakini mguu wa kulia ulikataa kuinuka kupita kimo cha kigoda, na mlango wa pikapu ulikuwa juu sana kwake.

Sabato ya kwanza aliyopata nguvu ya kwenda kanisani Nyanchwa, Momanyi alimbeba mikononi na kumpandisha. Kwenda kulikuwa kwema. Wakati wa kurudi, waumini wakiwa wamesimama uani wakisalimiana, gauni lake lilinasa kwenye mlango likapanda hadi mapajani. Hakuna aliyecheka. Waligeuza nyuso tu, na Bathsheba akawaona wakizigeuza.

"Usinibebe tena," alisema walipofika barabarani. "Mimi si gunia."

Tangu siku hiyo akawa anasalia nyumbani, redio ikiwa pembeni yake.

Bathsheba alikuwa na ndugu mmoja tu aliyebaki, mdogo wake Persis, aliyeolewa Gesima kwenye mashamba ya majani chai. Mwezi wa sita Nyanchoka, binti wa Persis, alimpigia Momanyi simu.

"Kaka, Mama hayuko vizuri. Hospitali wametuambia tukae naye nyumbani, ale anachotaka. Kila siku anamuulizia dada yake. Mlete, tafadhali."

"Nitamleta," Momanyi alisema. "Wacha kwanza nishushe hili gari, apande bila shida."

Hakusema uongo. Siku iliyofuata alikwenda mjini Kisii kwa Oyugi, fundi aliyetoka upande wa ziwa zamani na ambaye watu wa pikapu walimwamini kuliko wote. Oyugi aliingia chini ya gari, akakaa huko kitambo, akatoka akipangusa mikono.

"Kuna njia tatu," alisema. "Ya kwanza, nitoe haya mabapa mawili uliyoongeza, nilegeze nondo za mbele, turudishe magurudumu madogo. Ni kazi ya nusu siku. Mama atapanda mwenyewe. Lakini usipakie ndizi kama ulivyozoea. Gari litakaa kitako."

"Ya pili?"

"Nihamishe ekseli ikae juu ya springi. Litashuka sana, vijana wa mjini wanapenda hivyo. Lakini ekseli itakuwa inagonga chesisi, na barabara zako si za vijana wa mjini."

"Hiyo wacha."

"Ya tatu ni springi mpya. Zimenyooka kuliko hizi, na mabapa yake ni manene. Zinakaa chini na bado zinabeba. Utaziwekea na shokapu fupi za kupunguza mitikisiko, kwa sababu hizi ndefu zitafika mwisho zipasuke. Hapa Kisii sijaziona. Zitatoka Nairobi."

Momanyi alichagua ya tatu. Alikuwa mtu wa kufanya kitu mara moja, akifanye vizuri, asikirudie. Aliipima springi ya zamani kwa tepu, akaandika urefu na upana nyuma ya kitabu cha nyimbo, akatuma picha kwa wauzaji wawili wa Nairobi. Walimrudishia picha nyingine. Akazikuza kwenye simu, akazilinganisha, akauliza, akauliza tena. Moja ilikuwa na mabapa matano, nyingine manne lakini manene zaidi. Juma zima lilipita akipima faida ya hii na hasara ya ile, na kusema kweli kazi hiyo ilimpendeza.

Katika juma hilo jirani yake Ogoti, mwenye gari dogo la Probox, alikuja hadi mlangoni.

"Nimesikia mama anataka kufika Gesima. Probox yangu iko chini, ataingia kama anaketi kitini. Jumapili nitampeleka."

"Asante sana, Ogoti," Momanyi alijibu akitabasamu. "Lakini mama ana mtoto, na mtoto ana gari."

Ogoti alitikisa kichwa, akaenda zake. Hakusema tena habari hiyo.

Springi zilifika juma la pili. Oyugi alizishusha, akaweka pini kwenye tundu la ncha, ikakataa kuingia.

"Hizi ni za muundo mwingine," alisema. "Wamekutumia zisizo zenyewe."

Zikarudishwa. Muuzaji aliomba radhi, akasema zilizo sahihi zinatoka bandarini. Nyumbani, Bathsheba alikuwa amesaga unga wa wimbi wa kumpelekea mdogo wake, akaufunga kwenye kikapu. Kila Ijumaa aliuliza, "Fundi amesemaje?" na Momanyi akajibu, "Bado kidogo, Mama. Sabato ijayo." Wale dada wawili wakawa wanaongea kwa simu. Mwanzoni walicheka, wakikumbuka mbuzi waliyempoteza utotoni na kipigo walichogawana. Baadaye Persis alikuwa akisema maneno machache, kisha Nyanchoka anaichukua simu na kusema mama yake amechoka.

Alhamisi moja Oyugi alipiga simu. Momanyi alikuwa uani akiosha gari, akamweka kwenye spika ili asishike simu kwa mikono yenye povu. Na fundi huyo walizungumza Kiswahili, si lugha ya nyumbani.

"Mzee Momanyi, nimekuwa nikifikiri juu ya mama yako. Lete gari kesho asubuhi. Ni nusu siku tu. Nitoe yale mabapa, umpeleke Jumapili, Jumatatu nikurudishie. Ya kurudisha sitakulipisha."

"Jumapili nina mzigo wa kuchukua Nyamira, fundi. Nimeshaahidi watu sokoni."

"Basi Jumatatu umpeleke."

"Sipendi kufanya kazi moja mara mbili. Zile springi ziko njiani."

"Sawa," Oyugi alisema. "Gari ni lako."

Persis alifariki Jumanne alfajiri.

Springi zilifika Alhamisi. Pini iliingia bila kugongwa. Oyugi alizifunga siku ya Ijumaa, akaweka shokapu fupi, akalegeza nondo za mbele kidogo kidogo hadi gari likakaa sawa. Alipomaliza alisimama, akasema, "Pole kwa mama mdogo," akaenda kunawa.

Siku ya mazishi Bathsheba alitoka nyumbani amevaa nguo nyeusi. Alishika mlango wa pikapu, akainua mguu wa kushoto, akauvuta wa kulia, akaketi. Hakusaidiwa na mtu. Momanyi alisimama pale na mikono yake mitupu, akashindwa hata kufunga mlango hadi mama yake alipoufunga mwenyewe.

Walipita mji wa Keroka. Mvua ilikuwa imenyesha, na walipoiacha lami na kuanza kupanda kuelekea kwa Persis, malori ya majani chai yalikuwa yamechimba njia pande mbili na kuacha tuta la udongo katikati. Pikapu ya zamani ingelivuka bila kutambua. Hii ilikwaruza, ikalalia tumbo, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Momanyi alishuka akatazama. Kutoka pale hadi nyumbani kwa marehemu kulikuwa na mwendo wa dakika kumi kwa mtu mwenye miguu mizima.

Wanawake waliokuwa wakipanda kwenda mazishini walisimama. Mmoja aliagiza kiti cha plastiki kutoka nyumba ya karibu. Momanyi alimtazama mama yake, akitarajia akatae.

"Nishikeni vizuri," Bathsheba aliwaambia. "Twendeni, tusichelewe."

Wakambeba kwenye kiti katikati ya michai, wakibadilishana. Momanyi alitembea nyuma, ameshika mkongojo.

Baada ya mazishi Nyanchoka alimletea Momanyi chai pembeni ya nyumba. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi.

"Alikuwa anataka tumtoe nje kila Sabato," Nyanchoka alisema. "Anasema, Momanyi akikunja kona ile ya chini nitamwona kabla yenu. Sabato ya mwisho mvua ilinyesha, nikamkataza. Sasa najilaumu kwamba nilimkataza."

Momanyi alitaka kumwambia kwamba lawama haikuwa yake. Badala yake akanywa chai.

Jioni vijana waliisukuma pikapu ikatoka kwenye tuta, Momanyi na mama yake wakaanza safari ya kurudi. Karibu na Keroka alipunguza mwendo, akaegesha kando ya barabara.

"Mama, ningeweza kukuleta mapema. Fundi aliniambia ni nusu siku tu."

"Najua," Bathsheba alisema. "Nilikuwa dirishani nikichagua maharagwe. Kiswahili changu si kingi, lakini nusu siku naielewa."

"Mbona hukusema kitu?"

"Nilidhani utakuja uniambie mwenyewe. Kesho yake nikangoja. Na siku iliyofuata pia." Alitazama mbele, mikono ikiwa mapajani. "Na mimi pia, Momanyi. Ungenibeba mara moja tu, wangeniona magoti, ningemkuta. Nilimnyima mdogo wangu kwa sababu ya gauni."

"Si wewe, Mama."

"Ni mimi na wewe. Usinipunguzie langu."

Malori yalipita, pikapu ikitikiswa na upepo wao. Kisha Bathsheba akamwambia awashe gari, kwa sababu nyonga ilianza kuuma.

Zile springi ni nzuri, kama Oyugi alivyosema. Zinabeba ndizi zote za zamani na gari halikai kitako, ingawa njia kadhaa za Nyamira Momanyi ameziacha kwa sababu tumbo la gari hukwaruza chini. Kila Sabato Bathsheba hupanda mwenyewe kwenda Nyanchwa na kushuka mwenyewe, na waumini husema mama ana bahati ya mtoto anayejali. Wenye pikapu nao humzunguka sokoni Mosocho, wanainama kuangalia chini, wanauliza amefanyaje likashuka hivi na bado linabeba. Momanyi huwapa nambari ya Oyugi. Wakiuliza ilichukua muda gani, huwaambia majuma matano, kisha huanza kufunga turubai hata kama mzigo haujaisha kupakiwa.