Vitambaa vya Altare

Kifuniko cha pasi ya mkaa kiligonga mara moja jikoni, kabla hakujapambazuka. Padre akafumbua macho. Hakumtegemea leo. Mama anayefua vitambaa vya altare alikuwa amemzika mume wake juzi tu.

Ulikuwa mwaka wake wa pili wa upadre, na hiyo ndiyo parokia yake ya kwanza. Mama huyu alimkaushia soksi kwa pasi masika yote, bila kuombwa. Lakini Komunyo hakuwahi kumpa. Mumewe alikuwa amefunga ndoa kanisani na mwanamke mwingine, aliyemwacha zamani na angali hai; kwa Kanisa, huyo ndiye mkewe. Sheria ni sheria. Kila Jumapili mama alikaa benchi la mwisho, akitazama kikombe kikifutwa kwa kitambaa alichokinyoosha yeye.

"Ungepumzika, mama," Padre alisema akiingia jikoni.

"Kilio hakinyooshi vitambaa, Baba. Na kitanda chenyewe kimekuwa kipana."

Padre akatoa neno alilolitunza tangu makaburini. "Sasa hakuna kizuizi tena. Baada ya Misa nitakuja kwako. Utaungama, utapokea."

Mama akapuliza makaa.

Baada ya Misa Padre alimkuta nyumbani kwake, godoro la marehemu limekunjwa pembeni. Padre akatoa mfukoni kijisanduku cha Hostia.

"Niungame nini?" mama aliuliza taratibu.

"Maisha yenu ya pamoja."

"Miaka kumi na minane. Mitatu ya mwisho nilikuwa namgeuza ubavu usiku kucha, mgongo usioze. Nitubu hayo?"

Padre akatazama godoro lililokunjwa.

"Ulisema nihame kwanza, ndipo umpake mafuta matakatifu. Nikabeba khanga zangu, nikahamia kwa jirani, hapo ng'ambo ya ukuta. Siku mbili, Baba. Nilimsikia akiniita. Nikaziba masikio, nisije nikamharibia mbingu. Akafa hana wa kumshika kichwa."

"Nilifuata sheria, mama."

"Najua, mwanangu." Hakuwahi kumwita hivyo. "Na mimi nilikufuata wewe."

Kijisanduku kilikuwa kimelowa jasho kiganjani. Padre akakirudisha mfukoni.

Mama akamsindikiza mpaka njiani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akamkung'uta vumbi begani.

"Kanzu hii uilete Jumamosi, kola imeanza kufumuka," alisema. Kisha, Padre alipokwisha piga hatua tatu: "Na uje tena kunitazama, Baba. Uje mikono mitupu."