Chaja Isiyohitaji Mtu

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia Novemba hadi Machi, mzee Lubbert alitoka mji wa Hoogeveen, Uholanzi, na gari lake saa mbili asubuhi, akaenda kijiji cha Rolde kwa binti yake Wietske kuchaji betri ya karavani yake, ile nyumba ya magurudumu ya likizo. Karavani yenyewe ilishinda majira yote ya baridi kwenye banda la mkulima pamoja na nyingine arobaini, na mkulima huyo hakutaka betri hata moja ibaki humo, maana aliogopa moto kuliko alivyomwogopa Mungu. Kwenye fleti ya wazee alikohamia Lubbert baada ya kufiwa na mkewe, nako tangazo lilibandikwa mlangoni: betri za namna hiyo marufuku. Basi betri ikapata makazi kwenye kibanda nyuma ya nyumba ya Wietske, juu ya ubao, baridi ya sakafu isiifikie.

Chaja ya Lubbert ilikuwa ya kizamani, haikujua kuacha. Ukiisahau, inachemsha betri mpaka inaiua. Kwa hiyo lazima mtu awepo, tena masaa manane. Lubbert alifungua dirisha la kibanda, akapima volti, akasugua vichwa vya betri na kuvipaka vaselini, akabana waya, kisha akaingia jikoni. Kahawa na biskuti moja, kisha kopo la biskuti likafungwa. Mchana supu ya njegere na soseji. Alasiri, kati ya safari moja ya kibandani na nyingine, yeye na Wietske walikaa wakamzungumzia marehemu, mambo ambayo kwenye simu hayakuguswa kamwe.

Tuseme ukweli, betri ile haikuhitaji ulinzi wa kiasi hicho. Lakini kwetu Uholanzi mtu hapigi hodi hivihivi, hata kwa mtoto wake wa kumzaa. Huja kwa miadi, na miadi hutaka sababu. Lubbert sababu yake ilikuwa moja tu, na ilikuwa na uzito wa kilo ishirini na tatu.

Mwaka huo, usiku wa Mtakatifu Nikolasi, mwanzoni mwa Desemba, watu wanapopeana zawadi kwa jina lake, nyumbani kwa Wietske alipewa boksi lililofungwa utepe mwekundu. Chini ya utepe palikuwa na shairi, na kama ilivyo desturi, anayepewa zawadi ndiye anayelisoma kwa sauti mbele ya wote. Sahihi ilikuwa ya Mtakatifu, mwandiko ulikuwa wa Jorrit, mume wa Wietske, mtu mwema ambaye kila tatizo la dunia alilitafutia kifaa. Lubbert akavaa miwani, akasoma:

*Baba, sasa pumzika,*
*njia ndefu umechoka;*
*betri yako 'tajazika*
*bila wewe kusumbuka.*

"Chaja ya kisasa hiyo, mzee!" Jorrit akadakia. "Unaibana leo, unaisahau mpaka Pasaka. Inapima yenyewe, inajaza yenyewe, ikishiba inaacha."

"Kumbe siku hizi Mtakatifu ni fundi umeme," Lubbert akasema.

Wakacheka. Naye alicheka, lakini shairi alilielewa kwa namna yake. Alikuwa ameagizwa asije tena, na aliyelisoma agizo ni yeye mwenyewe, kwa sauti yake, mbele ya watu. Akaenda kibandani akaifunga ile chaja kwa mikono yake, barabara, kama alivyofanya kila kitu.

"Taa ya kijani," akawaambia aliporudi. "Mambo safi."

Wietske alimtazama, kisha akaanza kukusanya vikombe.

Krismasi alialikwa, saa tisa hadi saa kumi na moja. Jumamosi ya kwanza ya Januari aliamka alfajiri, akavaa shati lake la kazi, ndipo akakumbuka. Alikaa dirishani nalo mpaka adhuhuri. Mara mbili alishika simu, mara mbili akairudisha. Angeuliza nini? Hali ya betri? Taa ilikuwa inasema yote. Alitamani mno kumwona binti yake, na neno la kumwambia hivyo hakuwahi kufundishwa.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia. Alikuwa Jorrit.

"Mzee, betri ina shida."

"Shida gani? Taa ina rangi gani?"

"Taa... haionekani vizuri."

"Haionekani au haiwaki?"

"Mzee wangu, wewe njoo tu bwana! Na usichelewe, Wietske ameloweka njegere."

Njiani Lubbert aliwaza juu ya zile njegere. Huwa zinalowekwa tangu usiku. Betri gani hiyo inayoharibika leo, ikapikiwa supu tangu jana?

Jorrit alimpokea kibandani, mikono mfukoni. Chaja mpya ilikuwa imerudishwa kwenye boksi lake, na utepe juu. Ile ya kizamani ilikuwa imewekwa tayari kando ya betri.

"Imeharibika?" Lubbert akauliza.

"Imeharibika."

"Mbona ni mpya? Ubovu wake nini?"

Jorrit alitupa jicho kwenye dirisha la jikoni. Wietske alikuwa amesimama pale akisugua sufuria iliyokwisha takata.

"Inafanya kazi yote peke yake," akasema. "Nimesemwa mwezi mzima, mzee. Nisamehe, sikuelewa."

Lubbert akainama haraka juu ya betri, maana macho yalikuwa yanamsaliti. Akatoa kipima volti. Kumi na mbili nukta nane: imejaa pomoni.

"Iko chini," akasema.

"Chini sana?"

"Masaa manane. Labda hata tisa."

Akafungua dirisha, akavipaka vaselini vichwa vya betri, akabana waya wa chaja ya kizamani. Plagi akaiacha sakafuni, bila kuichomeka. Jorrit aliiona, akairuka kwa uangalifu, akamfungulia mkwewe mlango wa jikoni.