Nyumba ya Mama Juu ya Paa

Jumatatu asubuhi mtunza bustani alikuwa juu ya paa la jengo la bima, amepiga magoti, akipanda nyasi ambazo meneja alizichagua kwenye picha. Udongo wa kununua ulikuwa mwepesi kama pumba na hakuupenda. Aliomba apandishiwe ule uliochimbwa wakati wa kujenga msingi, ambao bado ulikuwa umerundikwa nyuma ya ukuta. Walimpandishia. Nani anagombania udongo?

Nyasi za meneja hazikuota. Yaliota matete. Maji yakajikusanya katikati ya paa, mayungiyungi yakatandaza majani, na mdiria, ndege wa majini, akahamia bila kubisha hodi. Vyura walikuja kwa lifti. Walisimama wakitazama mlango kama watu wengine, na aliyelalamika ni mhasibu peke yake, kwamba wanachelewa mno kushuka. Kinamasi kilichofukiwa ili jengo lisimame kilikuwa kimerudi, safari hii kwa juu.

Meneja alitabasamu hadi jino la mwisho. Akabandika kibao karibu na ngazi: "Wenyeji wa hapa wamerudi. Tafadhali usiwasumbue."

Wiki iliyofuata, pembeni mwa matete, iliota nyumba. Kwanza kizingiti, kesho yake kuta, kisha bati na dirisha lenye ufa. Mtunza bustani aliitambua kabla mlango haujakomaa. Ndiyo nyumba alimozaliwa, iliyobomolewa pamoja na za majirani siku tingatinga lilipokuja kusafisha kiwanja cha jengo hili. Tangu hapo mama yake alikuwa akilala sebuleni kwa mdogo wake, na kila jioni neno lake lilikuwa moja tu: anataka kwenda kwake. Neno hilo lilimkata maini binti yake huyu mtunza bustani.

Akamleta. Mama hakuuliza nyumba imefikaje huko. Alipitisha kidole dirishani, akasonya.

"Vumbi lote hili, mwanangu, na wewe upo hapa kila siku?"

"Imeota juzi tu, mama."

"Juzi si leo. Lete ufagio."

Kufikia mchana birika lilikuwa linachemka jikoni, mama anaimba kwa pua, na moyo wa binti umetulia kabisa. Meneja alipanda kuwaona, akavua viatu mlangoni, akanywa chai, akaisifia.

"Nyumba yako nzuri, mama. Itapendeza sana kwenye picha. Ila wageni mwisho saa kumi na moja."

"Mgeni nani?"

"Si wewe, mama? Umevaa beji ya wageni."

"Na hao vyura?"

"Hao ni wa hapa, mama."

Mtunza bustani akasema mama yake naye ni wa hapa, hata nyumba inajieleza. Meneja alimsikiliza kwa heshima zote, akafikiri, akakubali kwamba nyumba ibaki.

Saa kumi na moja mama alizima jiko, akafunga mlango wake, akamkabidhi mlinzi ufunguo. Binti alifuta macho kwa hasira, mama akamwambia asilie mbele za watu.

Asubuhi yake mama alikuwa wa kwanza kwenye foleni ya mapokezi. Mlinzi alimwamkia vizuri, akampa beji, kisha akamuuliza, kama anavyomuuliza kila mtu, anakwenda kumwona nani.