Nisaidie Kumgeuza

Evelina alikufa mwezi wa tatu, siku ya Jumanne, baada ya kusafishwa damu kwa miezi saba. Figo zote mbili zilikuwa zimeshindwa. Kanisa lilifunga siku tatu kwa ajili yake, na mumewe, Mazengo, mzee wa kanisa kwa miaka kumi na tisa, alisimama mbele ya watu Jumapili moja akasema Bwana amemhakikishia kwamba mke wake atapona. Hakupaza sauti. Alisema kama mtu anayetangaza saa ya kikao. Siku kumi na moja baadaye walimzika Gulwe, kwao Evelina, karibu na reli. Treni ya mizigo ilipita mchungaji akiwa katikati ya kusoma, ikabidi wote wanyamaze mpaka mabehewa yaishe.

Mazengo hakulia. Watu wakasema, imani ile, si mchezo. Yeye alijua haikuwa imani, ila hakujua iitwe nini. Alirudi nyumbani Kizota, akafungua karakana yake, akaendelea kuchomelea mageti na madirisha ya watu. Alikula kwa sababu saa ya kula imefika. Asubuhi alipopiga magoti kando ya kitanda, maneno yalikuja yale yale aliyoyazoea, akayasikia kama redio ya jirani. Mwezi wa tano akaacha kupiga magoti. Alingoja aone kitakachotokea. Hakikutokea kitu.

Kazi moja ya kanisa hakuiacha. Kila Alhamisi alasiri alitembelea wagonjwa wa mtaa pamoja na Anastazia, katibu wa akina mama. Zamani Mazengo ndiye aliyeomba, na watu walimpenda kwa maombi yake. Tangu msiba alikaa kimya, Anastazia akaomba, na hakuna aliyemuuliza. Lakini mwezi wa sita Anastazia alikwenda Busi kwa binti yake aliyejifungua, na Alhamisi hiyo Mazengo akatoka peke yake.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Yotham, mstaafu wa reli, aliyepigwa na kiharusi tangu mwaka uliopita. Mkewe, Dorkasi, alimpokea mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu na khanga yake imelowa tumboni. Ndani palikuwa na harufu ya mkojo na dawa ya kuua vijidudu. Yotham alilala chali, mdomo umeenda upande, akitazama bati.

Dorkasi akavuta stuli, akakaa, akafumba macho, akangoja. Mazengo alifungua mdomo. Alisema, "Baba yetu," kisha akasimama hapo. Upepo ulikuwa unapiga vumbi dirishani. Muda ukapita mpaka Dorkasi akafumbua macho.

"Mama Daudi," Mazengo alisema, "leo sina maombi."

Dorkasi alimtazama. Hakuonekana kushangaa wala kuudhika. Alionekana kuchoka tu.

"Basi nisaidie kumgeuza," alisema. "Daudi yuko Dar es Salaam, na mimi peke yangu simwezi. Tangu asubuhi amelalia kidonda."

Mazengo akavua koti. Dorkasi alimwonyesha pa kushika, mkono mmoja begani, mwingine kwenye nyonga, wakamgeuza kwa pamoja. Mgongoni, chini ya kiuno, palikuwa na kidonda kipana kama kiganja. Mazengo alikitazama bila kukunja uso, kwa kuwa hakuhisi chochote cha kumfanya aukunje. Akaleta maji ya uvuguvugu kwenye beseni, akaosha pembeni ya kidonda taratibu kama alivyoelekezwa, akakausha, wakabadilisha shuka. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Alipotoka jua lilikuwa limeinama, na nyumba mbili zilizobaki hakuzifikia.

Kesho yake alirudi. Hakuwa ameamua. Alifunga karakana saa kumi, na miguu ikapita njia hiyo. Akarudi na keshokutwa. Ikawa desturi: kumgeuza, kumwosha, kumnyoosha miguu, kumkalisha kwa mito. Yotham alipoanza kurudiwa na maneno machache, neno lake la kwanza kwa Mazengo lilikuwa "polepole".

Maneno yakaanza kanisani. Mzee Mazengo haombi tena. Mzee Mazengo kila siku yumo nyumbani kwa mke wa mtu. Mchungaji Charles, kijana wa miaka thelathini na mitano, alimfuata karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mchungaji. Karibu, angalia tu macho yako, kuna moto hapa."

Alizima mashine, wakakaa juu ya boksi.

"Watu wanasema," mchungaji akaanza.

"Wanasema kweli. Siombi."

"Tangu lini?"

"Tangu tumzike mke wangu. Nilikuwa nasema maneno, lakini siombi."

Mazengo alitegemea aya ya Biblia. Alijua hata zile zitakazosomwa, kwa maana yeye mwenyewe alikuwa amewasomea wafiwa wengi.

"Na kwa mzee Yotham unakwenda kufanya nini?"

"Kumwosha."

"Endelea kumwosha," mchungaji alisema. "Hilo lingine mimi sina la kukwambia, mzee wangu. Ningekuwa nalo ningekwambia." Akaaga, akaondoka na vumbi la chuma kwenye suruali.

Mwezi wa nane ilifika Jumapili ya shukrani, siku ambayo kila mwenye jambo hupita mbele na kulieleza. Dorkasi alipita na jogoo mweupe. Alisema anamshukuru Mungu kwa sababu kidonda cha mume wake kimefunga, na anamshukuru Mungu kwa ajili ya mzee Mazengo, aliyekuja kila siku. Akina mama wakapiga vigelegele. Mazengo alisikia jina lake likitajwa kana kwamba linatajwa la mtu mwingine. Mchungaji akamwita mbele aseme neno.

Alikwenda. Alishika kipaza sauti akawatazama.

"Mwezi wa tatu nilisimama hapa," alisema. "Nilisema Bwana ameniambia mke wangu atapona. Hakuniambia. Nilitaka iwe hivyo, nikaisema. Wengine mna wagonjwa nyumbani, na mlinisikia. Naomba mnisamehe."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele aliinamisha kichwa na kukitikisa. Mpiga kinanda aliondoa vidole. Mazengo hakujua kama amalizie na amina, akabaki ameshika kipaza sauti. Ndipo Angelina, bibi mwenye miaka zaidi ya themanini, akasema kutoka kwenye benchi lake, bila kusimama:

"Tumesikia, mwanangu. Njoo ukae."

Akashuka akakaa. Anthony, jirani yake wa benchi, alisogea kumpa nafasi, akamwekea mkono gotini, na mkono ukakaa hapo mpaka mwisho wa ibada. Juma lililofuata Mazengo aliandika barua ya kuacha uzee wa kanisa. Baraza likaipokea. Wengine walisikitika, wengine hawakumsalimia tena. Hilo nalo halikumuuma, ingawa alijua lingepaswa kumuuma.

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, Mazengo alipopita asubuhi kabla ya kazi, Yotham alisema kwa shida kwamba anataka nje. Mazengo na Dorkasi wakambeba kwenye kiti mpaka uani, wakamweka penye jua la asubuhi, na baada ya muda mfupi akasinzia. Dorkasi alitandaza mkeka akaanza kuchambua majani ya mlenda, mboga ile ya kuteleza. Mazengo angeweza kwenda kazini. Alikaa.

"Evelina hakupenda mlenda," alisema.

Dorkasi aliinua macho. Tangu msiba hakuwahi kumsikia akilitaja jina hilo.

"Mgogo gani asiyependa mlenda?"

"Alikuwa anausema vibaya siku nzima. Anapika, ananiwekea, halafu anakaa mbali asiuone." Alitazama majani mkekani. "Siku za mwisho akauomba yeye mwenyewe. Daktari alimkataza. Nikamnyima."

Dorkasi hakusema Mungu ana makusudi yake. Alisogea upande mmoja wa mkeka, akamsukumia fungu la majani, na Mazengo akashuka kutoka kwenye stuli akakaa chini, akaanza kuchambua naye. Akaendelea kumweleza habari za Evelina, moja baada ya nyingine, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, mpaka majani yakaisha.