Figa la Mama Mkwe

Usiku wa jana niliota tela langu linakohoa.

Tela hilo nimelichomelea mwenyewe, chumba kimoja chenye kitanda na dirisha, kwa ajili ya mama mkwe wangu, Mama Nyange. Leo tulikuwa tumpeleke Moshi akatolewe mtoto wa jicho, na yeye halali nyumba za watu. Alikubali kwa sharti moja: "Hilo dude likigusa jiko langu, siendi." Jiko lake liko chini ya mteremko, hatua kumi kutoka tela liliposimama.

Jioni nililifungua kutoka kwenye gari, ndipo nikakumbuka sina cha kuzuia gurudumu. Nikanyata jikoni kwake, nikachukua figa moja. Mkwe mwanamume haingii jikoni kwa mama mkwe, hata mtoto anajua. Niliingia.

Basi ndotoni tela likakohoa, nikatoka. Nje ni mchana, jua kali.

"Nateremka," likasema tela. "Samahani sana."

Figa limekunja uso chini ya gurudumu. "Mimi ni wa kupikia," linasema. "Wenzangu wawili wameshika chungu tangu jana, na chungu hakikai juu ya mafiga mawili. Narudi kazini."

"Nivumilie mpaka asubuhi."

"Maharage hayavumilii." Likajikung'uta tope, likaenda zake kwa miguu.

Tela linapiga hatua ya kwanza. Nalikamata mkono wake wa kuvutia, nakaza meno. Anatokea pima maji, kile kipimo cha fundi chenye kipovu, amevaa kofia ya trafiki.

"Ulianza na lipi, kufungua tela au kuzuia magurudumu?"

"Kufungua."

Kipovu kikakimbilia pembeni kwa aibu, na mlima mzima ukainama kukifuata.

"Umeona ulichofanya?" akauliza pima maji. Nikamwambia nimeona, na kama hana jiwe mfukoni anipishe.

Sasa tuko kwenye korido ya hospitali, ndefu, nayo inateremka. Mwisho wake ni mlango wa jiko la Mama Nyange. Nesi anauliza mgonjwa ni nani.

"Huyu anayekuja," najibu, visigino vikichora sakafu.

"Akae kwenye benchi."

"Hajui kukaa, dada. Ndiyo shida yenyewe."

Niliogopa, sitaficha. Lakini nilikuwa nimeapa mama huyu ataona nyuso za wajukuu zake, na tela la kuchomelea kwa mkono wangu halitanishinda. Nikavua kandambili ya kulia, nikaisukuma chini ya gurudumu moja. Nikavua ya kushoto, nikaisukuma chini ya lile la pili.

"Zimelala bapa mno," tela likanung'unika.

"Simama hivyo hivyo."

Likasimama. Kutoka hapo hadi mlangoni, kiganja kimoja.

Nikaamka. Kulishapambazuka. Nilipapasa chini ya kitanda, kandambili hazikuwepo. Nikatoka peku.

Jiko la Mama Nyange lilikuwa likifuka moshi, maharage yakitokota juu ya mafiga matatu. Yeye alikaa mlangoni, macho yake yenye ukungu yameelekea upande wangu.

"Baba, nimelipapasa figa langu kabla sijawasha moto. Lina tope la tairi. Hilo ni kugusa jiko, au si kugusa?"

"Ni kugusa, mama. Niliingia jikoni kwako, nikalichukua. Nisamehe."

Akakoroga maharage yake taratibu.

"Ungesema ni mbwa aliyelichukua, nisingepanda gari lako," akasema. "Mwambie mkeo Nyange alete mfuko wangu. Na wewe tafuta jiwe, ulitangulize kabla ya kuzitoa kandambili zako."

Nilikuwa sijamwambia ziko wapi. Hata mimi nilikuwa bado sijainama kutazama chini ya magurudumu.