Wiki Saba Chini ya Shali

Mimi simwombi mtu msamaha kwa kifua changu. Nilikiongeza kwa akiba yangu mwenyewe, na ukinikuta leo dukani Kitengela nimevaa blauzi niliyojishonea, iliyobana mahali pa kubana na kujaa mahali pa kujaa, ujue nimefurahi. Kosa langu ni lingine. Mwanamume niliyekuwa naolewa naye sikumwambia, na ngurario ilikuwa Jumamosi.

Ngurario kwetu Wakikuyu ndiyo siku yenyewe. Bwana akishakata bega la mbuzi mbele ya wazee, basi, mmeoana. Hiyo ya kanisani baadaye ni ya kupigwa picha tu. Kwa hivyo niliposema nitamwambia Bedan kabla ya Jumamosi, nilimaanisha kabla hajaingia kwenye jambo ambalo halina kurudi nyuma.

Lakini wacha kwanza nikueleze nilivyokuwa. Niko na miaka thelathini na moja. Nikisimama kwa mizani nikiwa na viatu, naambiwa kilo arobaini na mbili. Viatu vyenyewe nanunua upande wa watoto. Nikifungua duka asubuhi, mteja mgeni ananiuliza, "Kasichana, fundi amefika?" Fundi ni mimi, mama! Nimeshona magauni ya maharusi wa kutoka Kitengela mpaka Isinya, najua kifua cha kila mmoja wao kwa inchi, na changu kilikuwa vipande viwili vya sponji nilivyokata kutoka kwa mto wa kochi kuukuu. Siku moja kanisani tuliambiwa tuinue mikono tumsifu Mungu. Nikainua. Sponji moja ikapanda mpaka shingoni, na mama aliyekuwa nyuma yangu akaacha kuimba.

Watu hucheka nikiwaambia hiyo. Mimi sikucheka. Nilienda nyumbani nikalia mpaka nikaumwa na kichwa.

Bedan hakuwahi kulalamika, hilo nitamsifia. Yeye huendesha mashine ya kuchimba visima. Ni mtu mkubwa, mpole, wa kuongea polepole mpaka unataka kummalizia sentensi. Mwaka jana tukila nyama Kiserian nilimwambia, mchezo mchezo hivi, "Unajua naweza kwenda nikaongezwa kifua?" Akacheka akapaliwa. "Wewe? Uongezwe utie wapi? Si utaanguka na uso!" Nikacheka pia, nikamsukumia kachumbari. Hakuwa na ubaya. Ila tangu hapo nikajua hili jambo sitalirudia mbele yake, maana mtu akikuchekea pahali panapokuuma, humpi nafasi ya pili. Hivyo ndivyo nilivyofikiria wakati huo.

Kisha akapata kazi ya visima viwili kule Entarara, karibu na Loitokitok. Miezi miwili. Angerudi siku ya ngurario yenyewe, pamoja na watu wake. Aliponiambia, nilimwonyesha uso wa huzuni, na moyoni nilikuwa tayari nahesabu siku za kupona.

Aliyenipeleka ni Sadiyo, anayeuza vitambaa mlango wa pili kutoka kwangu. Sadiyo haogopi mtu. Aliketi na mimi kwa daktari Nairobi akiwa na mkoba magotini kana kwamba yeye ndiye anapimwa.

Nilikuwa na picha kwa simu. Mwanamke amejaa, amejaa kabisa. Daktari, mama mmoja mtaratibu, akaiangalia, akachukua rula yake akanipima upana wa kila upande, akabana ngozi kwa vidole viwili, akaandika.

"Hiyo ya kwa picha haitakuingia," akasema. "Kifua chako ni chembamba na ngozi ni nyepesi. Nikiweka silikoni kubwa kuliko upana wa kifua chako, itamwagika upande wa kwapa, kingo zitaonekana, na baada ya miaka michache utarudi hapa ukilia. Mtu mdogo anataka kidogo. Kidogo kwako kitaonekana."

Nilikasirika. Nimekuja huku kote niambiwe kidogo? Lakini mimi ni fundi. Ni mara ngapi nimemwambia mteja kwamba kola ya shingo kumi na sita haikai kwa shingo ya kumi na tatu, hata ulipe mara mbili? Akanishauri nijaze ndengu kwenye soksi, nivae ndani ya sidiria wiki nzima nyumbani, nione kama nitapenda uzito huo. Nikavaa. Nilishona na ndengu, nikapika na ndengu. Siku ya tatu soksi ikatoboka mbele ya mteja, na Sadiyo akacheka mpaka akakaa chini kwa veranda.

"Abaayo, dada yangu, sasa unamwambia lini huyo bwana?" akaniuliza akipangusa macho.

"Nikishapona."

"Wallahi, mwambie kabla. Mtu haamki akute mke ana kitu kipya kama ni sufuria."

Sikusikia. Operesheni ikafanywa, ikaenda vizuri. Siku za kwanza nilihisi kama mtu amekalia kifua changu na hataki kuondoka. Sikuruhusiwa kuinua mikono wala kubeba jora la kitambaa. Wateja waliambiwa nimeanguka bafuni. Bedan naye akaambiwa nimeanguka bafuni, na huo ukawa uongo wa kwanza.

Sasa Bedan anapenda simu ya video. Kila jioni, akitoka kwa mashine, uso umejaa vumbi, anataka kuniona. Nikawa najifunika shali mpaka kidevuni.

"Mbona shali na huko ni jua?"

"Niko na kahoma."

Wiki ya pili homa. Wiki ya nne homa. Wiki ya tano nikasema Kitengela kumekuwa na upepo, kitu ambacho ni kweli, lakini upepo gani unaingia mpaka jikoni? Yeye akaniambia nijitunze. Huo utaratibu wake ulinichoma kuliko angenigombeza. Nikikata simu nasimama, nazunguka meza ya kukatia, nashika mkasi, nauweka, napiga tena, nakata kabla haijaita. Nilishona mikono miwili ya kushoto kwa gauni moja. Nilimkaripia mama mzima kwa sababu ya zipu. Nilikuwa nimepata nilichotaka, nilikuwa nakipenda kwa kioo kila asubuhi, na bado singeweza kukaa kwa kiti dakika tano.

Alhamisi nikaandika ujumbe mrefu. Nikaufuta. Ijumaa nikaandika mfupi: "Bedan, kuna kitu." Akajibu, "Sema." Nikaandika, "Usisahau viatu vya kahawia." Mungu ananiona.

Jumamosi tukawa nyumbani kwa baba yangu, mzee Mbugua, nje kidogo ya mji wa Kajiado. Hema zimesimama, masufuria yanachemka, upepo unataka kubeba kila kitu. Niliwaza kwamba Bedan akishuka kwa gari nitamvuta kando, nyuma ya tangi la maji, nimwambie kwa sentensi mbili. Hapo ndipo shangazi yangu, Tata Caroline, akaingia chumbani na lundo la leso.

Na mimi, mtoto wa Mkikuyu, niliyeshona nguo za ngurario zisizo na hesabu, nilikuwa nimesahau leso!

Kama hujui, desturi ni hii. Bibi harusi anafunikwa leso kuanzia kichwani, na wasichana wengine wanafunikwa vivyo hivyo, wanapangwa mstari. Hakuna kuongea. Bwana anapita akiangalia, na lazima amtambue wake. Akikosa, watu wake wanapigwa faini, na anaaibishwa mpaka uzeeni. Huoni uso. Unatambua mtu kwa mwili wake, kwa vile anavyosimama.

Yaani kwa vile alivyokuwa ulipomwona mwisho.

"Tata, mimi nataka kumwona Bedan kwanza," nikasema.

"Umwone wapi? Umeona bibi harusi gani anatoka nje kabla ya leso? Simama hapo!"

Tata alikuwa amejua kimo changu kitanisaliti, kwa hivyo alikuwa amezunguka akikusanya wasichana wafupi. Tulikuwa sita. Aliyekuwa karibu nami kwa mstari ni Nyaguthii, binti wa mjomba, wa miaka kumi na tisa, mwembamba, kifua kama ubao. Nikimwangalia ilikuwa kama kujiangalia mimi wa kabla ya operesheni. Nikafunikwa. Wakatutoa nje tukiongozwa kwa mkono, na nyimbo za kina mama zikapanda.

Kupitia leso niliona mwanga tu na vivuli. Kwa chini niliona nyasi na miguu yangu, na mguu wa kulia haukutulia. Kisha nikaona viatu vya kahawia vikija. Vikapita wa kwanza, wa pili. Vikasimama mbele yangu.

Vilikaa. Nilimsikia akipumua. Nikashikilia leso isibane kifuani, na upepo wa Kajiado, huo upepo mshenzi, ukaisukuma yote ikanishika mwilini.

Viatu vikaondoka. Vikaenda kwa Nyaguthii, na nikasikia sauti ya Bedan, polepole kama kawaida: "Ni huyu."

Kelele zilizozuka hapo! Leso ya Nyaguthii ikavutwa, kina mama wakapiga vigelegele vya dhihaka, na jamaa mmoja wa upande wa Bedan akapaza sauti, "Alikuwa anatafuta ubao!" Watu wakavunjika mbavu. Nikiwa ndani ya leso, masikio yaliwaka moto. Kumbe ndivyo walivyokuwa wakiniita. Na Bedan mwenyewe amenitafuta kwa hilo hilo, nililolikata na kulishona na kulilia. Nilimchukia kwa dakika moja nzima. Kisha nikajichukia, maana ni alama gani nyingine nilimwachia ya kunijulia?

Faini ikakubaliwa, mbuzi mwingine. Tata akatubadilisha nafasi, akacheka, "Mara ya mwisho sasa! Ukikosa unarudi na magari yenu!" Alikuwa anatania. Watu wote walijua anatania.

Viatu vikaja tena. Safari hii havikusimama kwa mwingine yeyote. Vikaja moja kwa moja mbele yangu, vikasimama muda mrefu, mpaka wimbo ukaanza kulegea na watu wakaanza kunong'ona. Mimi nangoja. Kwa nini hasemi? Nikaona kisigino kikiinuka. Kiatu kikageuka upande.

"Bedan!" nikapiga kelele. "Unaenda wapi? Ni mimi!"

Wimbo ukakatika kabisa. Bibi harusi kuongea ndani ya leso, haijawahi kusikika kwa baba yangu. Tata akaanza, "Wewe msichana wewe..." na mimi nikaivua leso mwenyewe kichwani, nywele zikaharibika, nikasimama pale mbele ya watu wa Kajiado na watu wake na masufuria.

"Ni mimi. Nimeongezwa kifua. Wiki ya saba sasa. Sikuanguka bafuni na sikuwa na homa. Nilienda kwa daktari, nilitaka kwenda, na hata ungenikataza ningeenda. Lakini ningekuambia. Nilipaswa kukuambia, nikaogopa utacheka tena."

Baba yangu aliangalia chini. Mama mmoja alisema "Ngai!" Sadiyo, kule nyuma ya hema, alikuwa amejifunika mdomo kwa buibui, na sikujua kama analia au anacheka.

Bedan hakuangalia kifua. Aliniangalia machoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Nilikujua mara ya kwanza," akasema, chini chini, ya kwetu wawili. "Nani mwingine hapa ana miguu kama ya mtoto wa nasari? Nilikujua hata kabla sijafika kwako. Halafu upepo ukapiga, nikaona. Nikaelewa hayo mambo ya homa yote."

"Sasa mbona ulinipita? Mbona ulimchukua Nyaguthii, watu wakanicheka?"

"Nilipita nione kama utaniita. Hukuniita. Nikarudi."

Wazee walikuwa wameanza kukohoa. Mtu alikuwa ameshaleta kisu na bega la mbuzi kwenye sinia, akasimama nalo pale katikati yetu, hajui ampe nani.

"Na nisingekuita hii ya pili?" nikamwuliza.

Nilingoja atabasamu. Nilingoja aseme kitu cha kunituliza, kwa maana Bedan ni mtu wa kutuliza watu. Alichukua kisu kutoka kwa sinia, akakishika, akakiangalia.

"Ningerudi Entarara bila kukata bega hili," akasema.