Treni Haulizwi

Mwalimu wa michezo alikuwa na desturi moja iliyomkera mwalimu mkuu kuliko kelele za darasa la kwanza. Kabla ya kila kipindi aliwapanga wanafunzi mstari, akapita mbele yao mmoja mmoja akiuliza, "Leo vingapi?" Mtoto aliweka mkono kifuani akaonyesha vidole. Vitano, mwili uko tayari kwa lolote. Vitatu, utakimbia nusu ya wenzako. Kimoja, utatembea, na wala hakuna wa kukucheka, maana anayecheka ndiye anayeokota mipira ya wote.

"Unawadekeza," mwalimu mkuu alizoea kumwambia. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Hawa wana mapafu, mkuu. Samaki hana."

Siku ya kuja mkaguzi wa shule, mwalimu mkuu alimvuta hadi nyuma ya stoo ya mipira. Hakuwa na utani.

"Sikiliza. Akianguka mtoto hata mmoja mbele ya mgeni, hayo mambo ya vidole yamekwisha. Kuanzia kesho wote watakimbia sawa."

Mwalimu alijua hiyo sawa inamaanisha nini. Inamaanisha yule msichana mwenye pumu, ambaye wenzake walimwita Bi Taratibu. Kabla ya vidole kuanza alilazimishwa kumaliza mbio kama wengine, na aliyembeba uwanjani, midomo imebadilika rangi, ni yeye mwalimu. Uzito wa mtoto yule bado ulikuwa mikononi mwake.

Basi asubuhi ile alipita kwenye mstari roho mkononi. Mkaguzi, mzee mkimya mwenye kalamu sikioni, alikaa kwenye benchi kando ya mwalimu mkuu akitazama. Kwa Bi Taratibu mwalimu alisimama sana. Viwili. Akamwinamia kusikiliza kifua, akamuuliza dawa yake ya kuvuta iko wapi, mtoto akapigapiga mfuko. Kwa mwenye goti bovu alisimama pia. Mkaguzi akatazama saa. Mwalimu akaongeza mwendo, na alipofika mwisho wa mstari, kwa kijana mrefu ambaye hakuna aliyewahi kumshinda, alimgusa bega tu.

"Wewe sikuulizi. Treni haulizwi."

Darasa likacheka. Treni naye akacheka, kidogo.

Filimbi ikalia, wakaanza kuzunguka uwanja, kila mtu kwa kadiri ya vidole vyake. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Mwalimu hakuona mwingine zaidi ya Bi Taratibu. Msichana akipunguza mwendo, yeye anameza mate; akiinua kichwa, yeye anashusha pumzi. Mara Bi Taratibu akasimama katikati ya njia. Kwenye benchi mwalimu mkuu akainuka. Mwalimu alitimua mbio kumwendea.

Lakini msichana hakuwa ameshika kifua. Alikuwa ananyoosha kidole ng'ambo ya uwanja.

"Treni, mwalimu. Amenipita sasa hivi anapumua kama mimi."

Treni alikuwa mbele ya wote, bado anakimbia, ila miguu ilikwenda upande kama ya mlevi. Kabla mwalimu hajamfikia, alianguka kifudifudi.

Walimbeba hadi kivulini. Nesi wa shule alimgusa shingo, akamvua viatu, akamlowesha maji. "Ana homa kali huyu. Hii si ya leo." Dakika zilipita ambazo mwalimu hakutamani tena kuziishi, kisha kijana akafumbua macho.

"Si nilisema?" mwalimu mkuu alifoka. "Vidole vyako hivyo."

Mkaguzi aliinama. "Huyu alionyesha vingapi?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini mwa mwalimu. Akisema vitano, mtoto ndiye aliyedanganya, na yeye amepona. Vidole vitakufa, lakini kazi atabaki nayo. Alimtazama Bi Taratibu, aliyekuwa amesimama pembeni na dawa yake mkononi, anataka kumpa Treni.

"Sikumuuliza," alisema. "Niliwauliza wote. Yeye nilimpita."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ana nguvu."

Mkaguzi alitoa kalamu sikioni. "Basi ugonjwa hauko kwenye vidole, uko kwako. Mkuu, vidole viendelee. Mwalimu, wewe nitakuandika."

"Andika, mzee wangu."

Mwalimu alipiga magoti kando ya Treni. Kijana ndiye aliyeanza. Aliinua mkono taratibu, akauweka kifuani, na vidole viwili vikasimama.

"Nilikuwa nimeshaviweka tayari, mwalimu," alisema. "Ukanigusa bega, ukaondoka."

Mwalimu alivishika vile vidole viwili, na hakuweza kumtazama usoni.